Bamba la Nyuma

2 Machi

Cheche mwanangu,

Salamu zangu zikufikie kabla ya karatasi. Mimi mzima ukiacha bega, na bega nitalieleza huko mbele. Kuku wazima, bati halivuji, na jirani bado anafungulia redio mpaka mwisho anapopika, utadhani sufuria ndiyo inayosikiliza. Wewe kama u mzima nashukuru. Kama unaumwa useme, usinifiche.

Na usinipigie simu kwa habari hii. Simu naongea nimesimama, barua naandika nimekaa. Barua naiweka kwenye kopo la biskuti, jioni naitoa naisoma tena. Simu ukishakata nabaki nimeshika kitu kama kipande cha sabuni.

Sasa sikia. Nimeamua kuiuza ile mashine ya marehemu baba yako ya kupasulia magogo. Usishtuke. Tangu atutoke nimeiendesha mwenyewe mwaka mzima na miezi minne, na wateja wa kuni hawakupungua hata mmoja. Wameongezeka! Mimi napasua vipande vinavyolingana. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anapasua kama anayegombana na mti. Lakini bega la kulia limekataa kuvuta kamba ya kuwashia. Navuta mara ya kwanza, injini inakohoa. Navuta ya pili, nakohoa mimi. Daktari akaniambia, "Mama, huo ni umri." Nikamwambia umri wangu naujua, nimekuja kuuliza bega.

Basi nimetundika kibao getini, kwa ile rangi iliyobaki ya madirisha: MASHINE YA KUPASULIA MAGOGO INAUZWA. IMECHOMELEWA NA BINTI YANGU FUNDI MKUU. LAKI KUMI NA SITA. Bei nimeipiga hesabu vizuri. Mpya dukani ni laki kumi na nane, nimetoa mbili kwa ajili ya kutu. Nilitaka niongeze moja tena kwa ajili ya mkono wako, nikaona niwe na huruma. Ya dukani imechomelewa na nani? Hajulikani. Hii kila anayekuja namwonyesha bamba la nyuma, lile linaloishika jeki isirudi nyuma inaposukuma gogo kwenye kabari. Namwambia, hapo alichomelea mwanangu akiwa na miaka kumi na saba, likizo yake ya kwanza ya chuo cha ufundi, na mpaka leo miaka tisa.

Wiki nzima watu wanasimama, wanasoma kibao, wanacheka, wanakwenda zao. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mbona hiki kizuri hakijiuzi? Niambie wewe msomi.

Na majibu ya ule mtihani wako wa kuchomelea matangi ya mvuke vipi? Najua umefaulu, nauliza kwa adabu tu.

Mama wa Fundi Mkuu


11 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako nimeisoma kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikacheka peke yangu mpaka mwenzangu akauliza nina nini. Pole na bega. Usiivute tena hiyo kamba. Mtu akitaka kuisikia injini avute mwenyewe.

Mama yangu, laki kumi na sita hupati hata kwa dua. Mnunuzi akiwa na kumi na sita ataongeza mbili achukue mpya yenye karatasi ya dhamana. Kitu kilichotumika kinapangiwa bei na hali yake. Hatuhesabu tulivyokipenda. Mashine ina miaka tisa, paipu ya mafuta tulibadilisha mara moja, tairi moja limepasuka pembeni, injini nzima. Nusu ya bei ya mpya ni laki tisa. Toa kidogo kwa tairi na kutu. Tangaza nane. Atakayekuja atavuta chini, ndiyo kazi yake, nawe mfuate polepole. Usishuke chini ya sita na nusu.

Ioshe, lakini usiipake rangi. Rangi mpya kwenye mashine kuukuu inamtia mtu wasiwasi. Injini mnunuzi aikute ya baridi, maana akiikuta ya moto atajua umeibembeleza kabla hajafika. Mwekee gogo moja jepesi na moja lenye vifundo, apasue mwenyewe. Na kama kuna ubovu, mwambie kabla hajauona. Ubovu uliosema wewe unapunguza bei kidogo. Ubovu aliouona yeye unaondoa bei yote. Mkikubaliana, andikeni karatasi, msaini wote wawili, na mashine isitoke getini kabla hujashika hela mkononi.

Kibao kifute, Mama. Mimi si fundi mkuu wa mtu yeyote.

Huku ni kazi tu.

Mwanao,
Cheche


20 Machi

Cheche wangu,

Marahaba, na Mungu akukuze. Kibao nimekiandika upya. Laki nane, kama ulivyosema, ingawa mkono uliniuma kuiandika hiyo nane, na siyo bega lililouma. FUNDI MKUU nimefuta MKUU. FUNDI nimeliacha, ni lako.

Mara ile ile wakaanza kugonga geti. Wa kwanza yule mnunuzi wa chuma chakavu. Hakuuliza kama inawaka. Aliizunguka akiitazama kama mtu anayetazama ng'ombe aliyekwisha chinjwa.

"Laki moja na nusu," akasema.

"Kwa tairi?"

"Kwa yote, mama. Hiki ni chuma tu."

"Na wewe ni nyama tu, mbona hatukupimi kwa kilo?"

Akaondoka. Nasikia anahadithia huko kwamba nina mdomo. Ninao, na umesomesha fundi.

Wa pili ndiye wa maana. Mwoka Mikate, yule wa tanuri la mwisho wa mtaa, unamkumbuka, kicheko chake kinatangulia na yeye anafuata. Kuni zake zote alikuwa ananunua kwangu. Sasa anasema kama naacha, bora anunue mashine apasue mwenyewe. Anatoa sita. Nikamwambia sita ni bei ya kamba ya kuwashia. Akacheka, akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye bamba la nyuma, kwenye ule mshono. Mwanamke yule ana macho! Akauliza, "Hapa pamechomelewa mara mbili?"

Nikamwambia hapajaguswa. Huo ni mkono wa mwanangu, tangu siku ya kwanza. Nikamwambia na ule mtihani mkubwa wa matangi ya mvuke umeupita, na viwanda vitatu vinakugombania. Hukuniandikia majibu, lakini mimi ni mama yako, majibu nilishayasikia moyoni.

Akasimama, akajipangusa magoti. "Haya, mama wa fundi. Nitarudi Ijumaa ya wiki ijayo na kaka yangu, aiangalie. Maana yeye ndiye atakayekuwa anasimama nyuma ya jeki."

Tangu aseme hivyo chai hainishuki vizuri. Labda ni sukari.

Viwanda vingapi hasa vinakugombania? Nilisema vitatu kwa kukadiria.

Mama wa Fundi


29 Machi

Mama, shikamoo.

Leo naandika kwa kifupi, tuko na zamu ndefu.

Mwoka Mikate ni mtu mwema, muuzie. Sita na nusu inatosha. Lakini mwambie kila kitu, tairi, paipu, na ile tabia ya injini kuzima ikiwa tenki limefika robo. Anayesimama nyuma ya jeki ni mtu, na ana watu wanaomsubiri nyumbani.

Kuhusu bamba la nyuma, usinitaje. Sema ni kazi ya fundi anayejua, basi. Nakuomba, Mama. Na mtihani usiutangaze.

Kuna nafasi stoo, ya kuandika vifaa vinavyotoka na vinavyoingia. Wanasema ni kazi safi, mtu haungui mikono. Naifikiria.

Cheche


6 Aprili

Mwanangu,

Barua yako fupi nimeisoma mara sita. Ndefu zako nazisoma mara mbili zinatosha. Hiyo stoo imetoka wapi? Tangu lini wewe ukataka mikono safi? Ulipokuwa na miaka minane ulikaa mlangoni kwa fundi wa magari siku nzima ukitazama moto wake kupitia kioo cheusi, ukarudi macho mekundu, nikakuchapa, kesho ukarudi kule kule. Jina la Cheche ulilipata kwa fimbo hizo.

Sasa nakaa chini kweli kweli. Hii ndiyo sababu nilikwambia usipige simu. Nisingeweza kuisema nimesimama.

Nilimdanganya Mwoka Mikate. Bamba limechomelewa mara mbili.

Ulipomaliza kulichomelea ile likizo na kurudi chuoni, nilimwambia baba yako, mwite fundi wa magari alitazame kwanza kabla hujaweka gogo. Akanitazama kama nimemtukana. "Nimkague mwanangu?" Akawasha. Akapasua siku kumi na moja, asubuhi mpaka jioni, na kila aliyepita njia alimwita aje aone. Unasema mimi najisifu. Mimi nilijifunza kwake.

Siku ya kumi na mbili alikuwa na gogo la mkaratusi lenye kifundo katikati. Nilikuwa naanua nguo. Nikasikia mlio, siyo wa mti. Bamba liliachia, jeki ikaruka nyuma, ikampiga kwenye muundi. Ile alama aliyokuambia ni ya shoka, siyo ya shoka. Nilimkuta amekaa kwenye maganda ya mti, damu imejaa kiatuni, amelishika lile bamba mapajani kama mtoto. Nikaanza kupiga kelele, yeye akanyoosha kidole kuninyamazisha. Akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini Cheche asijue. Bado mbichi."

Kwa hiyo mimi ndiye niliyelipakia bamba kwenye toroli, nikalisukuma mpaka kwa fundi wa magari. Alikata bamba jipya, akaja nyumbani akalichomelea yeye. Nikamwambia ukifungua mdomo wako, kuni kwangu hupati, na mke wako namwambia habari ya zile safari za Jumapili. Alikufa na siri yake na yangu.

Nikaanza kujisifu kwa bamba lako. Mwanzo ilikuwa ya kumfunika baba yako. Baadaye nilizoea. Mwisho nilisahau kwamba ni uongo, mpaka yule mwanamke alipopitisha kidole.

Ijumaa walikuja, yeye na kaka yake. Mtu mpole, mrefu, ana watoto wawili, mmoja alikuwa amemng'ang'ania mguuni. Nikautazama ule mguu. Nikawaambia ufunguo wa geti umepotea, warudi tarehe kumi. Mwanangu, ufunguo nilikuwa nimeushika. Nataka uisikie kwangu kabla hawajaisikia, maana mtaa huu neno likitoka halirudi.

Pamoja na barua hii nakuletea kifurushi. Ni bamba lile la kwanza. Nililiweka miaka yote chini ya sanduku, limefungwa kwenye shati la kazi la baba yako. Shati usilifue. Sijui kwa nini nililiweka. Vitu vyako huwa situpi.

Ukinikasirikia nitaelewa. Ila usiende stoo kwa sababu yangu.

Mama yako


17 Aprili

Mama yangu, shikamoo.

Kifurushi kimefika. Nilikifungulia kitandani, na chumba kizima kikanuka oili na baba.

Mama, nilijua.

Likizo ya pili nilipokuja, nilipitisha kidole kwenye bamba kama Mwoka Mikate. Mshono wangu naujua kama mwandiko wangu. Ule haukuwa wangu. Ulikuwa mnene, umetulia, mkono wa mtu mzima. Nilikusikia ukiwaonyesha wageni, nikaona aibu, nikanyamaza ili usiaibike nawe.

Lakini sikujua kama lilivunjika. Mimi nilidhani baba aliling'oa. Niliamini alilitazama siku ile ile nilipopanda basi, akaona ni kazi ya mtoto, akampa fundi wa kweli alifanye upya, halafu wote mkanidanganya kwa huruma. Miaka tisa, Mama, kila nikishika kazi namwona baba akiitazama na kutikisa kichwa. Sikuwahi kumuuliza. Akafa sijamuuliza.

Kumbe alipasua nalo siku kumi na moja! Alikataa hata likaguliwe! Hapo nililia mpaka mwenye nyumba akagonga mlango.

Sasa na mimi niseme langu. Mtihani nilianguka. Tangu Januari. Wanakata vipande vya kazi yako wanavikunja kwenye mashine mbele ya watu wote, na changu kikafunguka kama mdomo. Hakuna kiwanda kinachonigombania, Mama, hata hiki kimoja kinanivumilia tu. Nilishindwa kukuandikia kwa sababu ulikuwa umeshamwambia kila mtu.

Jana nililipeleka lile bamba kazini. Nikalisafisha kwa brashi ya waya, nikalitazama pale lilipoachia. Unajua nilichoona? Juu mshono unapendeza, umenyooka kama cherehani. Ndani hakuna kitu. Chuma hakikuyeyuka, mshono umekaa juu tu kama siagi kwenye mkate wa baridi. Nilikuwa nakimbiza mkono, naogopa nisije nikakitoboa chuma. Nikatoa kile kipande changu cha Januari, nikaviweka pamoja. Ubovu ni ule ule. Miaka tisa mkono wangu unakimbia pale pale.

Msimamizi wangu alipita, akavitazama vyote viwili, akauliza hiki cha zamani ni cha nani. Nikasema ni changu, nilimuumiza baba mguu nacho. Akavuta kiti. Tukakaa mpaka chai ikapoa. Akasema mtu anayejua anapokosea ameshafika nusu ya njia, na kuanzia Jumatatu nitakuwa napeleka mkono polepole mbele yake, kila siku nusu saa.

Nitarudia mtihani tarehe tisa Mei. Stoo nimewaambia wamtafute mwingine.

Uza mashine. Mwambie ukweli wote, hata huu wangu.

Shati sijalifua.

Mwanao,
Cheche


26 Aprili

Cheche,

Marahaba mara mia.

Barua yako ilikuja baada ya biashara kwisha, kwa hiyo ujue niliwaambia kabla hujanipa ruhusa. Tarehe kumi walikuja, nikatoa ufunguo mfukoni mbele yao, nikasema, "Haukupotea." Halafu nikasema yote, bamba, mguu, toroli, na nikamwambia Mwoka Mikate kwamba jicho lake halikukosea, mimi ndiye niliyekosea kwa mdomo.

Nilidhani atacheka kile kicheko chake mpaka mtaa usikie. Hakucheka. Kaka yake akachukua nyundo akaligonga bamba mara tatu, likalia kama kengele. Akaliweka gogo lenye vifundo, akavuta kamba, moja tu, ikawaka ikiwa ya baridi. Mimi nikasimama palepale nyuma ya jeki, karibu yake. Nikasema kama inaruka itupige wote. Gogo likafunguka kama kitabu.

"Sita," akasema dada yake.

"Saba. Nimekuuzia na ukweli wangu."

"Ukweli hauoki mikate."

Tumefunga sita na nusu, na mkate mmoja kila Jumamosi mpaka mmoja wetu afe. Hilo la mkate nalo tumeliandika kwenye karatasi, tukasaini. Anasema nimemwibia, maana mimi nina damu ya kuishi sana.

Walipoivuta ikapita getini nilitaka kulia, nikajifanya nawafukuza kuku. Pale ilipokuwa pamebaki alama za matairi mawili na duara jeusi la oili. Sijafagia.

Juzi nilipopata barua yako nilikwenda kwenye tanuri kuchukua mkate. Mwoka Mikate akaniuliza mbele ya foleni, "Na yule fundi wetu, si ulisema mtihani amepita?"

Nikamwambia, "Ameanguka."

Akasema, "Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Unajua ni wangapi hapa duniani wanaoruhusiwa hata kuingia kuanguka kwenye huo mtihani? Wewe mwanao ameanguka nini? Ameanguka kitandani." Nikawaeleza foleni nzima jinsi wanavyokata, wanavyokunja, na jinsi ulivyougundua ubovu wako mwenyewe kwa jicho lako, baada ya miaka tisa, bila kuambiwa na mtu. Nikawaambia ni wazazi wachache wenye mtoto anayejua pale anapovunjikia. Mkate ukapoa mkononi.

Kibao nimekishusha, sasa ni mlango wa banda la kuku. FUNDI bado linasomeka. Kuku wanapita chini yake wamenyoosha shingo.

Baba yako angekuwepo angekuwa ameshawasimulia mpaka wapita njia. Basi nasimulia kwa niaba yake, na safari hii sidanganyi hata neno moja, mambo ni matamu hivyo hivyo yalivyo.

Tarehe tisa peleka mkono polepole. Chuma hakikimbii.

Ukifaulu, niandikie. Ukianguka, niandikie haraka zaidi.

Mama yako